Kilti Ilivyohamia Nova Scotia

Kilti ya wanaume wa Uskoti hushonwa kwa kitambaa cha sufu cha mirabamiraba kiitwacho tartani. Ile kamili hula yadi nane, takriban mita saba. Nyuma hupigwa marinda. Mbele huachwa bapa, pande mbili zikapishana na kufungwa kwa mikanda midogo ya ngozi. Kwa kuwa haina mfuko, mvaaji huning'iniza kipochi cha ngozi mbele, na kisu kifupi hukichomeka kwenye soksi.

Huko Nova Scotia, mashariki mwa Kanada, vitukuu vya wahamiaji wa Kiskoti huivaa kama urithi wa mababu. Urithi wenyewe una kona zake. Sheria ya 1746 iliwakataza wanaume wa Uskoti kuvaa kilti, isipokuwa askari, na haikufutwa hadi 1782. Meli ya Hector, iliyowateremsha Waskoti karibu 200 huko Pictou, Nova Scotia, mwaka 1773, ilisafiri marufuku hiyo ikiwa bado hai. Mali kubwa waliyoshuka nayo ilikuwa lugha yao, Kigaeli.

Kilti ilishamiri baadaye. Huonekana kwenye michezo ya Kiskoti mjini Antigonish, iliyoanza 1863. Katika miaka ya 1930 Waziri Mkuu wa jimbo, Angus L. Macdonald, aliitumia kuvutia watalii.

Mwaka 1953 mfumaji Bessie Murray alitengeneza picha ya kitambaa kwa maonyesho ya wafugaji wa kondoo mjini Truro. Ndani yake alisimama mchunga kondoo aliyevaa kilti. Koo zina tartani zao; je, avikwe ya ukoo upi? Kuchagua mmoja kungewanunisha wengine. Murray akabuni mpya: buluu ya bahari na anga, nyeupe ya miamba na mapovu ya mawimbi, kijani cha misitu, dhahabu ya hati ya kifalme ya jimbo na nyekundu ya simba wa kwenye nembo yake. Watu wakaanza kukiulizia kitambaa hicho. Mwaka 1956 kilisajiliwa Uskoti, kikawa tartani ya kwanza ya jimbo nchini Kanada.

Siku hizi kilti hukodishwa kwa harusi, na nyingine za nyuzi za plastiki huuzwa kwa watalii. Wasemaji wa Kigaeli huko Nova Scotia, waliokuwa makumi ya maelfu mwaka 1901, wamebaki wachache. Tartani ya Murray haiulizi ukoo. Yeyote anaruhusiwa kuivaa. Lakini anayetaka kuwaenzi abiria wa Hector na aanze na Kigaeli.