Mtoto anasema "PlayStation imejaa": soma kabla hujatoa hela (Sehemu ya 6)

Leo homa na chanjo tunaziweka pembeni kidogo. Kuna swali linanijia sana: "Nesi, mwanangu anasema mashine ya gemu imejaa, anataka diski ya nje. Ninunue ipi?" Jamani, hiyo ni hela ya pampasi na maziwa. Tusikimbilie dukani.

Swali la kwanza si "GB ngapi?" Swali ni mashine gani iko sebuleni, na mtoto anacheza gemu zipi.

Kama ni PS4, mambo ni mepesi. Nunua diski ya nje ya USB 3.0, isipungue 250GB na isizidi 8TB. Gemu zitakaa humo na zitachezwa kutoka humo humo.

Kama ni PS5, nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza hela. Gemu za PS4 zitachezeka kutoka kwenye diski ya USB. Lakini gemu za PS5 zenyewe hazichezeki humo, zinahifadhiwa tu. Ichukulie hiyo diski kama stoo. Mchele unakaa stoo, ila hupikii huko, lazima uulete jikoni. Mtoto akitaka kucheza, anairudisha gemu ndani ya mashine kwanza.

Sasa stoo ina faida gani? Bando, mama. Gemu moja kubwa inaweza kula GB 50, nyingine hadi 100. Ukiifuta leo ukaishusha tena mwezi ujao, umelipia bando mara mbili kwa kitu kilekile. Kuirudisha kutoka kwenye diski hakuli bando. Ukitaka nafasi ya kuchezea gemu za PS5, hiyo ni SSD ya M.2 inayofungwa ndani ya mashine. Bei yake iko juu, na kama hujawahi kufungua mashine, mpe anayejua.

Xbox Series X na S nazo zina tabia hiyo hiyo: gemu mpya zinataka nafasi ya ndani au kadi yake maalumu, za Xbox One zinachezeka kwenye diski ya USB. Nintendo Switch inatumia kadi ndogo ya microSD. Ila Switch 2, iliyotoka 2025, inataka microSD Express. Ile ya kawaida uliyozoea haitahifadhi gemu zake.

Kabla ya kununua chochote, jaribu njia ya bure. Kaa na mtoto, mwangalie pamoja gemu ambazo hazijaguswa miezi mingi, mzifute. Atalia kwamba hatua zake zote zitapotea. Mtulize. Kwenye PS4 na PS5 kumbukumbu za alipofikia zinakaa sehemu yake ndani ya mashine, hazifutiki kwa kufuta gemu, alimradi hamjaenda kuzifuta zenyewe. Na gemu mliyokwisha kuilipia hamtailipia tena kwenye akaunti ileile, ni bando tu.

Mkiamua kununua, yashikeni haya:

Moja, ukiona flashi ya "2TB" kwa bei ya chipsi kuku, ikimbie. Zipo za uongo zinazojiandika nafasi zisiyokuwa nayo, zikijaa kidogo tu zinaanza kuharibu mafaili.

Mbili, na hili nalisema kwa herufi kubwa: USICHUKUE DISKI YENYE PICHA ZA FAMILIA. Ili mashine ihifadhi gemu humo, lazima iifomati diski, na kufomati kunafuta kila kitu. Picha za mtoto tangu siku ya kwanza, zote. Mtoto wa miaka tisa akiulizwa "endelea?" atabonyeza endelea. Diski ya picha ifungie kabatini.

Tatu, diski ya HDD ina sahani inayozunguka ndani, ikianguka inaweza kufa. Iweke mbali na mtoto anayetambaa na kuvuta waya. SSD inavumilia zaidi, ila bei yake nayo imesimama.

La mwisho ni la kinesi. MicroSD ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na mtoto mchanga kila kitu anakipeleka mdomoni. Kadi za gemu za Switch zimepakwa kitu kichungu ili mtoto ateme. Usitegemee microSD nayo iwe hivyo. Ikitoka kwenye mashine, iingie kwenye kikasha chenye kifuniko, juu kabisa. Na mtoto akikabwa na kitu, usimwingize kidole kutafuta usichokiona, unaweza kukisukuma ndani zaidi.

Niandikie hapa chini aina ya mashine mliyonayo na umri wa mtoto, nitajibu nikitoka zamu. Usiku mwema.