Bi Harusi wa Kianda

Mtu ashukaye garini karibu na mtaa wa Olympic, akaiacha barabara na kufuata njia iteremkayo baina ya vibanda, hafiki mbali kabla hajaingia Kianda, upande wa magharibi wa Kibera. Jina hilo ni la Kikuyu, na maana yake ni bondeni. Nyumba za udongo na mabati zimesongamana hapo, na masika yakianza, mteremko wote huwa utelezi mtupu, hata kijana mwenye miguu mizuri hutamani fimbo. Mahali pa namna hii si mahali pa motokaa. Hata hivyo palikuwa na motokaa moja ambayo watu wazima wa Kianda hawajaisahau.

Ilikuwa Peugeot 404, ya rangi iliyokuwa nyeupe zamani. Mwenyewe, mzee mmoja seremala, aliinunua mwaka 1983 kwa karani aliyekuwa akistaafu na kurudi kwao. Wala hakuichagua kwa kubahatisha. Peugeot 404 zilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Na katika mwaka huo wa mwisho motokaa zaidi ya 90 ziliondoka, zikarudi 7 tu. Mzee alizijua hesabu hizo kama ajuavyo majina ya watoto wake. Akiambiwa kwamba yake ilikuwa kuukuu, alijibu kwamba Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na mwingine. Jibu lilikuwa jema, ila Joginder Singh alikuwa fundi wa magari, na mzee fundi wa vitanda.

Kila asubuhi alifungua boneti, akajaza maji katika rejeta kwa kopo, akabandika kipande cha sabuni ya mche mahali tangi lilipovuja petroli. Kisha alitia hendeli mbele na kuizungusha. Motokaa ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Hapo aliwatazama waliokuwa wakipita kwenda kazini, naye hakuhitaji kusema neno. Waliweka chini vifurushi vyao, wakasukuma. Wanawake waliokuwa wakichota maji walipiga vigelegele, na watoto wakafuata nyuma wakiimba. Kwa kuwa haikutoka nyumbani bila msafara, iliitwa Bi Harusi.

“Shikamoo Mzee. Bi Harusi ameamkaje leo?”

“Marahaba. Bado anajipamba. Hebu msogee karibu.”

Fedha ilizokula hazikuwa chache. Mara kwa mara mzee alionekana katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogani, akitafuta kabureta au plagi zilizotumika, na mkewe alikuwa na haki ya kuuliza kama kitanda kimoja kilichouzwa kilikuwa cha watoto au cha Bi Harusi.

Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, mwaka 1991, mvua ikinyesha, mke wa jirani alishikwa na uchungu wa kuzaa mtoto wake wa kwanza. Matatu zilikuwa zimekwisha kulala. Mume wake akabisha kwa mzee, ingawa alijua vema anabisha mlango gani. Hendeli ilizungushwa mpaka mikono ikachubuka, lakini wapi. Basi wanaume wakatoka vyumbani, wengine kifua wazi, wakaisukuma mlimani katika matope, hatua kwa hatua, yule mwanamke akiwa ndani ameushika mkono wa mke wa mzee. Walipofika barabarani injini ikanguruma. Wanne wakadandia, maana hakuna aliyekuwa mjinga wa kuamini kwamba kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Huko Makina, penye nyumba za Wanubi, rejeta ilichemka, mvuke ukaziba kioo. Wenyeji waliamshwa, wakaleta maji kwa ndoo na wakasaidia kusukuma. Bi Harusi alifika Hospitali ya Kenyatta akitoa moshi, akazimika mlangoni kabisa, wala hakuwaka tena mpaka jua lilipotoka; wale wanne walilala ndani yake. Kabla ya mapambazuko mtoto alizaliwa, wa kike, na mama yake alikuwa salama. Baba alipotoa fedha za petroli, mzee alimwuliza kama kulikuwa na petroli yoyote iliyotumika, au ni mabega ya watu tu.

Mwaka 1997 injini ilipasuka, na bei ya nyingine ilizidi thamani ya motokaa nzima. Mafundi wa jua kali walikuja na patasi, wakalikata bati lake kwa ajili ya kutengeneza majiko. Kwa hiyo si ajabu kama ugali mwingi wa Kianda uliiva juu ya Bi Harusi. Siku hiyo mzee hakutoka nje.

Hendeli hakuiuza. Aliifanya komeo la mlango wa karakana yake. Yule msichana, alipokuwa akirudi shuleni, alizoea kuingia humo, kuichomoa, na kuizungusha hewani huku akiiga mngurumo kwa kinywa chake: kikohozi kimoja, kikohozi cha pili, kisha kimya. Naye mzee aliweka randa chini, akaja kumsukuma mgongoni.