Asiye na Gari Naye Hulipia Gari

Miezi michache iliyopita nilisafiri kwa basi kutoka Shinyanga kwenda Geita. Wanafunzi wangu walikuwa wameniuliza kama wingi wa magari ni kipimo sahihi cha utajiri wa mkoa, nami nikaamua kuhesabu nikiwa dirishani. Hadi Isaka nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Malori ya kwenda Rwanda na Kongo yaliyafunika magari mengine yote, na hayakuwa ya watu wa Shinyanga. Namba za usajili nazo hazikunisaidia: herufi T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Mfumo wetu ni wa nchi nzima. Gari la Kariakoo na gari la Katoro hayatofautiani kwa kibao.

Nilichoweza kukihusisha na wenyeji bila shaka ni baiskeli na pikipiki. Usukumani baiskeli imebeba pamba, mkaa, madumu ya maji na hata wagonjwa. Gari binafsi ni la wachache: mfanyabiashara wa Kahama, mtumishi mwenye mkopo, mchimbaji ambaye duara lake limetema. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, na mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Hata hivyo, jirani wa madini bado huenda gulioni kwa miguu au kwa baiskeli.

Tofauti hii ingekuwa ya kutazamwa tu, kama isingeingia katika kodi. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, na badala yake ikaongeza ushuru wa bidhaa kwa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, ya dizeli na ya mafuta ya taa. Nakiri kwamba nilishangilia. Nilikuwa na gari, na ile ada ilikuwa kero yangu ya kila mwaka.

Mwaka huohuo nilikwenda kumsalimia mama kijijini, wilayani Kahama. Jioni alimtuma mjukuu dukani na chupa ya soda, akanunue mafuta ya koroboi. Mtoto aliporudi, mama aliinua chupa, akaitazama, akasema, "Baba, siku hizi wanapunguza." Sikuwa na la kumjibu. Gari langu lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe, hatua chache kutoka tulipokaa.

Najua hoja za upande wa pili. Ada ya zamani ilikuwa ngumu kukusanya, na ni haki anayetembea zaidi barabarani alipe zaidi. Tena, mafuta ya taa yakiwa rahisi mno, huchanganywa katika dizeli. Hoja hizo zina uzito. Lakini koroboi haitembei barabarani.

Ndiyo maana swali la wanafunzi wangu nimeligeuza. Kuhesabu magari ya Geita na Shinyanga hakutatuambia nani tajiri. Kutatuambia ni nani aliyepunguziwa mzigo, na ni nani aliyetwishwa. Mtumishi wa umma unayesoma hapa, rasimu ya ushuru mwingine ikipita mezani pako, uliza kwanza: katika kijiji kisicho na gari hata moja, huyu atalipa nini?