Piza Iliyotuzungusha Kisangani



Juma hili tunawaletea safari ya kutafuta piza. Tulikuwa watano wa likelemba yetu ya Mangobo, tukaondoka asubuhi kabla jua halijawaka, kuelekea soko kuu. Watoto walikuwa wanatuomba piza tangu likizo ilipoanza, maana wameiona kwenye simu. Lakini tusiseme uongo, tulikuwa na sababu nyingine. Mwenzetu mmoja anauza fromaji sokoni, na mara mbili mfululizo hakuleta mchango wake. Wengine walikuwa wameanza kunong'ona. Tulitaka kuona kwa macho yetu kabla ya kusema lolote kikaoni.

Tulimkuta nyuma ya meza yake. Juu ya meza kulikuwa na nusu ya fromaji moja tu ya Masisi, imefunikwa kwa kitambaa. Zamani si nyingi meza hiyo ilijaa fromaji nzima nzima, za mviringo, zenye ganda la njano, na sisi tulipita tukicheka harufu yake.

Wengi tunaila bila kuuliza inakotoka. Inatoka vilimani Masisi, Kivu ya Kaskazini, kwenye baridi na majani mengi. Ufundi uliletwa na Wabelgiji, wafugaji wa huko wakaushika ukawa wao. Kilo moja inataka lita kama 10 za maziwa. Huku kwetu joto la msitu na mbung'o havimwachi ng'ombe wa maziwa astawi, kwa hiyo fromaji ilibidi itufuate. Ilipakiwa kwenye ndege Goma, na siku hiyo hiyo iko Bangboka. Tangu Januari 2025, vita vilipoingia Goma na uwanja wa ndege ukafungwa, njia hiyo imekufa. Kidogo kinachofika sasa kinapita barabarani: Butembo, Beni, Komanda, Mambasa, Niania, Bafwasende. Kutoka Beni tu mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 700, na mvua ikinyesha lori linalala matopeni. Fromaji inafika imetoa jasho, nyingine imeharibika kabisa.

"Yaya, unaona mwenyewe," alimwambia mkubwa wetu. "Mtaji wangu wote ni hii hapa."

Hakuna aliyetaja mchango. Tulinunua kipande cha ukubwa wa kiganja, kwa bei iliyotuuma. Akatukatia na matabishi, tukamkatalia, akaiweka tu kikapuni.

Unga wa ngano tuliupata meza za jirani. Nao ni msafiri: ngano hailimwi kwetu, unga unapanda mto kwa mashua kutoka Kinshasa, kilomita zipatazo 1,700, au unatoka mashariki kwa lori. Wakubwa kati yetu walikumbuka miaka ya vita baada ya 1998, mto ulipofungwa na mkate ukawa hadithi. Chumvi ilikuja kwa baiskeli za toleka, na mtu akiwa na sabuni nyumbani alihesabiwa tajiri.

Kutoka sokoni tuliteremka mtoni, tukavuka kwa mtumbwi wa mota hadi Lubunga kutafuta saladi. Mmoja wetu anaogopa maji. Alifumba macho njia nzima, akafumbua tulipogusa mchanga. Mama tuliyemfuata analima karibu na nyumba yake: lengalenga, matembele, matango, na nyanya ndogo ndogo, kwa sababu mvua ya hapa haipendi nyanya kubwa. Mwaka 2023, mapigano yalipowakimbiza watu wengi wa upande huo, naye alikimbia. Aliporudi alikuta matuta yamekuwa pori. Sasa yamesimama tena, na anayapanga kwa kamba, sawasawa kama mistari ya daftari. Alituchumia matango 4 na nyanya za kujaza kopo mbili. Avoka tuliokota chini ya mti wake, bure.

Sasa jikoni. Fromaji ya kiganja haitoshi watoto 11, kwa hiyo tulijiongezea yetu. Tulichukua maji lita 2 yenye uvuguvugu na gramu 250 za unga wa maziwa, yale yenye mafuta yake yote (usome mfuko vizuri). Tulichemsha polepole tukikoroga mpaka yakaanza kupanda, tukaondoa motoni, tukakamulia ndimu 3 kidogo kidogo. Maziwa yalikatika, maji yake yakawa ya kijani. Tuliyachuja kwa kitambaa safi kilichochemshwa, tukatia chumvi, tukakandamiza kwa jiwe saa moja.

Unga nusu kilo tuliukanda kwa maji ya uvuguvugu, kijiko kidogo cha hamira, chumvi, na mafuta vijiko 2. Kwa joto letu uliumuka upesi. Hatuna furu, na umeme hauna ahadi. Tulipasha sufuria kubwa juu ya mbabula, ndani mawe matatu, juu ya mawe sinia yenye piza, na makala juu ya kifuniko. Piza ya kwanza iliungua chini, tukaila wenyewe kimya kimya. Ya pili tulipunguza makala ya chini, tukazidisha ya juu. Dakika 25 ikatoka vizuri. Fromaji yetu ya ndimu haiyeyuki, inabaki vipande vyeupe, lakini ile kidogo ya Masisi tuliyoikwaruza juu iliyeyuka na kuifunika.

Saladi tuliiosha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Tangu kipindupindu kilipotusumbua Tshopo mwaka 2025 hatufanyi mchezo na mboga mbichi. Matango, nyanya, kitunguu, avoka, ndimu, chumvi, basi.

Jioni muuza fromaji alikuja. Alionja ile nyeupe bila piza, akatafuna muda mrefu. Akauliza unga wa maziwa ulikuwa kopo ngapi, na kama kitambaa ni kanga au shuka. Tulimwambia pia kwamba haivumilii joto: iuzwe siku ile ile iliyotengenezwa.

Jumanne kikaoni mama mmoja alisema sheria ni sheria, na hatukumkasirikia, maana hata yeye ana watoto. Michango miwili italipwa, iko kwenye daftari. Ila zamu ya kupokea imesogezwa: alikuwa wa 9, sasa ni wa 3. Jumamosi ijayo meza yake itakuwa na fromaji nyeupe ndani ya majani ya ndizi, kuanzia saa mbili asubuhi. Njoni na bakuli lenye kifuniko.