Barua kutoka Göteborg: Pale alipoachwa

Mdogo wangu,

Huku baridi imeingia. Leo jua limezama saa tisa na nusu alasiri, taa za tramu zikawashwa watoto wakiwa bado wanavaa makoti ya kurudi nyumbani. Mfikishie mama shikamoo yangu, na mwambie vidonge vya presha asiruke hata siku moja.

Ujumbe wako nimekaa nao siku tatu. Umeniomba hela ya tuisheni ya mwanetu, shilingi mia tano kwa siku, kwa kuwa anamaliza darasa la tatu na mwakani kuna upimaji wa taifa wa darasa la nne. Hela ipo. Kilichonikawiza ni ile sauti uliyonirekodia, anasoma ukurasa mzima bila kukwama. Alisoma haraka mno. Ndiyo maana nikakupigia na kukuomba uzibe picha kwa kiganja, halafu aanze mstari wa chini kupanda juu. Ukasikia mwenyewe. Alinyamaza, kisha "mwezi" ikawa "mezi", "ndizi" ikawa "dizi". Ukamwandikia jina la pale mnapokaa, Umwe, akasema "ume".

Sikushangaa, maana mtoto huyo ni mimi.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mwaka niliokuwa darasa la pili tulishuka bondeni kwa Mto Rufiji mwezi wa pili, tukapanda huko juu mpunga umeshavunwa. Wazee wetu walikuwa wakiishi kule kule bondeni, mpaka yalipokuja mafuriko ya 1968 na Operesheni Rufiji ya 1969 ikawapandisha. Nyumba zikahama, mashamba yakabaki kwenye udongo wa mto. Tangu hapo kila msimu familia inahamia dunguni kuamia ndege na kufukuza nguruwe, na watoto wanakwenda na mama zao, kwani wataachwa na nani?

Niliporudi darasani wenzangu walikuwa wameshavuka silabi, wako kwenye hadithi. Hakuna aliyenirudisha nyuma. Mwalimu alikuwa na darasa lililojaa mpaka mlangoni, simlaumu hata leo. Nikabuni njia yangu: namsikiliza anayesoma kabla yangu, nakariri, zamu yangu ikifika natembeza kidole juu ya mistari. Nilipita hivyo mwaka mzima, na kila siku moyo ulikuwa ukinidunda. Aliyenigundua ni kaka yetu, mtoto wa baba mkubwa, msimu uliofuata, tukiwa dunguni. Aliona kidole kiko mstari wa tatu na mdomo uko wa tano. Hakunicheka, wala hakumwambia baba. Alipasua boksi la sabuni, akachukua mkaa, akaandika: mwa, mwe, mwi. Ndege wakitua tunapiga kelele na madebe, wakiruka tunarudi kwenye boksi. Mpaka mavuno nilikuwa nasoma.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana nyumbani mnajua tu kwamba nafundisha. Mimi nakaa ubavuni mwa mtoto. Huku Sweden, mtoto ambaye Kiswidi bado hakijamkaa anaweza kuelezwa masomo kwa lugha yake pale anapohitaji, na Angered, upande huu wa mji, tuna watoto wa Kikongo waliotoka Kivu na Kiswahili chao. Muhula huu ninaye mmoja wa miaka tisa. Kwenye karatasi yake ya hesabu iliandikwa kwamba sehemu hazielewi kabisa. Nikamuuliza: mama yako akikutuma robo kilo ya sukari, na jirani akamtuma mwanawe nusu kilo, nani atabeba mzigo mkubwa? Akanitazama kama nimemdharau. Akanieleza hadi robo tatu, akachora duara na kulikata kwa rula. Sehemu alikuwa anazijua. Alichokuwa hana ni maneno ya Kiswidi ya kuzitaja. Nilipomweleza mwalimu wake, alichukua kalamu akafuta alichoandika, mbele yetu sote wawili. Nilitoka pale nimejawa na furaha mpaka nikapitiliza kituo cha tramu.

Msaada huu si wa wageni peke yao. Tangu tarehe 1 Julai 2019 ipo sheria ambayo watu huku wanaiita dhamana ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Ndiyo, KKK yetu ile ile. Kabla hata ya darasa la kwanza mwalimu anakaa na watoto, anatazama nani anasikia silabi ndani ya neno na nani bado, nani anaweza kuhesabu kwenda mbele na kurudi nyuma. Dalili ikionekana, mwalimu mwenye utaalamu wa watoto wanaokwama anaitwa, na msaada unapangwa hapo hapo. Mtihani wa kumwangusha mtoto hausubiriwi. Shuleni kwetu mtoto anatoka darasani dakika ishirini, mara tatu kwa wiki, anakaa kwenye meza ndogo ya dirishani yenye herufi za mbao. Akirudi hakuna anayemgeukia, kwa sababu karibu kila mmoja ameshawahi kukaa meza ile kwa jambo moja au jingine. Yote yanafanyika ndani ya saa za shule, na mzazi halipi hata krona moja.

Usinielewe kwamba huku kumekamilika. Katika upimaji wa PISA wa 2022, karibu kijana mmoja kati ya wanne wa miaka 15 nchini humu hakufika kiwango cha msingi cha kusoma, na walimu wa ile meza ya dirishani hawatoshi. Nimeona watoto wakisubiri. Ila mzazi anapoona mwanawe anasubiri, ana sheria ya kuishika mkononi, akaenda nayo ofisini kwa mkuu wa shule.

Na sisi Tanzania hatukukaa bure. Watafiti wa Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba 2010 na kuwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, katika watoto wa darasa la tatu ni kama watatu tu kati ya kumi walioweza kuisoma. Baada ya hapo ukaja mpango wa KKK, ambao Wasweden wenyewe waliusimamia kwa upande wa wafadhili, na mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapunguziwa masomo ili watoto wasome, waandike na wahesabu kwanza. Hata kile Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha pale Ikwiriri kina asili huku: Mwalimu Nyerere aliviona vyuo vya wananchi vya Sweden, akaanzisha vyetu mwaka 1975, na leo nani anakiita cha kigeni?

Upo utafiti mmoja wa nyumbani ambao naufikiria kila unaponitajia tuisheni. Watu wa shirika la Twaweza, mwaka 2013 na 2014, walifanya jaribio la KiuFunza katika shule 350 za wilaya kumi. Shule nyingine zilipewa fedha tu, zikanunua vitabu na vifaa, na usomaji wa watoto haukusogea. Nyingine zilipewa fedha, na mwalimu akaahidiwa bahashishi kwa kila mtoto atakayejua kusoma na kuhesabu. Huko watoto walisogea. Mimi nasoma hivi: hela inamfaa mtoto pale panapokuwa na mtu mzima anayemwangalia yeye, mmoja mmoja, amefika wapi.

Hiyo tuisheni ya mia tano, umenieleza mwenyewe, ni watoto sitini kwenye kibaraza, wanaandika tena kile kile cha asubuhi. Mwanetu atakariri na cha jioni. Ameachwa kwenye mwa na nda, na alipoachwa napajua: mwaka wa mafuriko, 2024, alikuwa darasa la pili. Maji yalipokuja Aprili mlihangaika na chakula na mahali pa kulala, shule ikakatika, na ilipotengemaa darasa likaendelea mbele. Watoto wangapi wa Umwe, wa Muhoro, wa kule Kibiti deltani wameachwa kwenye silabi ile ile? Hili linaniuma, mdogo wangu, na sitaki kulificha.

Basi hela naituma, ila isiende kwenye tuisheni. Nunua manila, kalamu nene na mkasi. Binti wa shangazi amemaliza mitihani ya kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri matokeo. Mwombe saa moja kila asubuhi likizo hii, chini ya mwembe, nami nitamtumia ya vocha na chochote cha kumshukuru. Asimwite mwanetu peke yake. Aite na wenzake, awapange kwa walipokwama bila kujali darasa: wa silabi na wa silabi, wa maneno na wa maneno. Wahindi wa shirika la Pratham, lililoanzia Mumbai, wanafanya hivyo saa moja kwa siku, na hivi sasa njia yao imeshafika Zambia.

Na kabla shule haijafungwa nenda kwa mwalimu wake wa darasa. Nenda kwa heshima, peke yako. Usimwambie mtoto hajui kusoma. Mwambie amekwama wapi, mwonyeshe ule mtindo wa kusoma kutoka chini, umuulize wako wangapi kama yeye. Nadhani atapumua. Walimu wanajua, ila wazazi tunakwenda kwao na lawama, na wao wanabaki kujitetea. Mkutano wa wazazi wa Januari ukifika, lisemeni pamoja, wewe na yeye: saa moja ndani ya ratiba ya shule, bila mchango.

Mwezi wa pili mkishuka bondeni, kadi zifungeni kwenye mfuko wa nailoni ziende nanyi dunguni. Mwambie kaka, bado mkono wake ni mzuri.

Jumapili nitapiga saa mbili usiku ya huko. Mtoto asiandaliwe ukurasa wowote. Mwambie mama mkubwa anataka amwandikie neno moja tu kwa mkaa, alishike mbele ya simu nilione: Umwe.

Dada yako