Sahani Isiyorudi Tupu

Iko desturi katika mitaa ya pwani yetu ambayo haikuandikwa katika sheria yoyote, nayo yaheshimiwa kuliko sheria nyingi. Jirani akikuletea sahani ya chakula, hasa jioni za mwezi wa Ramadhani, sahani ile hairudi tupu. Utaiosha, kisha utatia ndani yake ulicho nacho, ingawa ni tende tatu au embe moja. Huko si kulipa deni, kwani jirani hakukukopesha. Ni kumwambia kwamba umeuona wema wake, na kwamba wewe nawe ni mtu wa kutoa. Shukrani kwetu sisi si neno la mdomoni peke yake. Ni kitendo, nacho huenda na kurudi.

Tunaikumbuka desturi hii kila tuzungumzapo habari za wazee, na hasa wale wanaoishi katika makazi yanayotunzwa na Serikali. Kwamba taifa lina wajibu wa kuwatunza, hilo halina ubishi. Katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mzee aliyeonekana akila bila kulima hakuwa mnyonyaji, kwa kuwa alikwisha kufanya kazi kwa bidii katika ujana wake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo liliwahesabu wazee wasiojiweza miongoni mwa wale walio na haki ya kutegemea jasho la wenzao. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia kuwa tegemeo la kwanza la mzee, na makazi kuwa kimbilio la mwisho. Ndiyo maana katika makazi kama Nunge huko Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro, Kolandoto mkoani Shinyanga, au Sebleni na Welezo huko Unguja, aghalabu utawakuta wale waliokosa mtoto, ndugu na jamaa wa kuwapokea.

Ni jambo la kujivunia kwamba shule zetu nyingi huwatembelea wazee hao wakati wa Idi na Krismasi, na tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani. Wanafunzi huchanga sabuni, sukari, unga na khanga. Hufagia nyua, huchota maji, huimba nyimbo. Sisi wenyewe, katika miaka ya utumishi wetu, tumefuatana nao mara nyingi, na hatuna neno ila kuwapongeza. Lakini utamaduni hautuulizi tumepeleka nini tu. Hutuuliza pia tumepokea nini. Na hapo ndipo mara nyingi sahani yetu hurudi tupu, si kwa sababu wazee hawana cha kutia, bali kwa sababu sisi hatukungoja watie.

Katika ziara moja tulimwona bibi mmoja, mkongwe wa macho hafifu, akipewa mche wa sabuni na binti wa kidato cha pili. Bibi alishukuru, kisha akafungua pindo la khanga yake akatoa karanga, akanyosha mkono: “Pokea, mjukuu wangu.” Mwalimu aliyekuwa karibu, kwa huruma tu, akasema, “Hapana, bibi, kula mwenyewe. Sisi ndio tuliokuja kukupa.” Mkono wa bibi ukabaki hewani. Yule binti akamtazama mwalimu wake, akamtazama bibi, kisha akapiga magoti akazipokea karanga kwa mikono miwili, akasema, “Asante, bibi.” Bibi akamwekea mkono kichwani, akamwombea dua ndefu iliyotaja masomo, afya na wazazi wake. Siku ile zilitolewa sabuni nyingi, lakini hatukuona uso ulionawiri kama wa yule bibi alipokwisha kutoa.

Tulijifunza hapo kwamba umaskini ulio mzito kuliko yote si kukosa cha kula, bali kukosa wa kumpa. Mtu anayepewa kila siku, asitakiwe kutoa kitu hata siku moja, hushiba tumbo akasinyaa moyo. Wahenga waliponena kwamba kutoa ni moyo, si utajiri, hawakuwaweka kando wazee wala maskini. Huko Zanzibar, tangu Aprili 2016 kila mzee aliyetimiza miaka 70 alipoanza kupewa pensheni, ambayo wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa kama ni tajiri au fukara, tumewasikia wazee wakisema kwamba furaha yao moja ni kuweza tena kumnunulia mjukuu daftari. Yaani, walipopewa, walitafuta wa kumpa.

Hata salamu yetu yatufundisha hayo. Kijana husema shikamoo, naye mzee huitika marahaba. Heshima imetolewa, imepokewa. Lakini mzee haishii hapo. Huuliza habari za nyumbani, huonya, hubariki. Kijana anayesema shikamoo huku akipita mbio amepeleka sahani akakimbia kabla haijarudishwa.

Basi twawashauri walimu waitengeneze upya ziara ya shule kwa wazee. Pamoja na saa ya kutoa, iwepo saa ya kupokea. Anayejua kusuka ukili awafundishe wanafunzi, nao waketi chini mpaka vidole vijifunze. Anayejua vitendawili, methali na nyimbo za kilimo azitoe, nao waziandike katika madaftari yao. Anayejua kuotesha miche aoteshe, na mche mmoja upandwe shuleni kwa jina lake. Yule asiyeweza hata kuketi aombwe dua, kwani hiyo nayo ni zawadi.

Tena wasisahau kuwauliza habari za taifa. Mzee aliyezaliwa mwaka 1940 alikuwa na miaka 21 nchi ya Tanganyika ilipopata Uhuru. Huenda mikono yake, ambayo leo yatetemeka ikishika kikombe, ilifyatua matofali ya shule, au ilishika chaki mwaka 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kuwafundisha wenzake kusoma, au ilichimba choo cha kijiji wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Kwa hiyo sabuni tunayompelekea si sadaka; ni sahani yake mwenyewe tunayomrudishia, iliyokaa kwetu miaka mingi.

Na ninyi wanafunzi, mtakapokwenda, msione haya kupokea. Mzee akikupa karanga tatu, zipokee kwa mikono miwili, uzile mbele yake, naye aone. Akikupa hadithi ndefu, isikilize mpaka mwisho, ingawa gari linapiga honi. Kisha mwulize neno ambalo wazee wengi hawajaulizwa siku nyingi: “Babu, utatufundisha nini tukija tena?” Naye atakuwa na sababu ya kuihesabu siku.