Kitenzi Kisicho na Mtenda

Nilipohitimu chuo cha ualimu mwaka 1984, sikutafuta kazi. Barua ilikuja ikiniagiza niripoti Biharamulo. Miaka michache baadaye nyingine ikanihamishia Ngara. Sisi wa rika lile tuliishi kwa kitenzi kimoja: kupangiwa. Mwalimu alipangiwa kituo, akapangiwa vipindi, na nyumba pia, ikiwapo.

Kwa imani hiyo nilimshauri mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Ngara mwenye sikio jepesi la vina: "Kasomee ualimu, mwanangu. Kazi ipo." Baba yake akauza ng'ombe. Kijana akapata shahada ya elimu, Kiswahili na Historia.

Miaka mitano baada ya mahafali yake nilimkuta Rusumo, karibu na daraja la kuingilia Rwanda, ameegesha bodaboda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ulipangiwa wapi?"

Akatabasamu. "Mwalimu, kwetu sisi kitenzi hicho hakina mtenda."

Alikuwa ameomba kila nafasi zilipotangazwa. Nyingi zilitaka walimu wa sayansi. Wakubwa huwaambia vijana hawa wajiajiri. Neno jepesi kinywani mwa mwenye mshahara, na hata mwangu mimi niliyekwisha pokea kiinua mgongo. Sikulitamka.

Akanieleza kwamba jioni huwafundisha Kiswahili wafanyabiashara wanaotoka ng'ambo ya daraja, na huwafasiria hati zao. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Ukalimani, tafsiri, uhariri, kufundisha wageni: hizo ni njia halali za mhitimu wa elimu, ingawa chuoni hakuna aliyemwonyesha hata moja.

"Umejifunza wapi kufasiri?" nikamuuliza.

"Nyumbani. Kihangaza kinasikilizana na Kinyarwanda na Kirundi pia. Sikuanza na ugeni."

Nikanyamaza. Kihangaza hichohicho ndicho nilichokuwa nikimwadhibu kwa kukizungumza shuleni. Nilidhani nakilinda Kiswahili, kumbe nilikuwa nikimpunguzia kijana mtaji wake. Yeye hakunikumbusha. Alinipakia kwenye pikipiki hadi kituo cha basi, akakataa nauli.

Siku hizi mzazi akiniuliza kama mwanawe akasomee ualimu, sijibu upesi. Humwambia ukweli kuhusu ajira, kisha humuuliza: nyumbani mnazungumza lugha gani?